Leonida Nelima, Mchambuzi wa Watu Watatu wa Katikati

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake Linah, kwa niaba ya familia, hapa Timboroa, leo Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026. Mnaosikia baridi sogeeni karibu, kwa sababu hautakuwa mfupi. Kuna waliopendekeza uwe mfupi. Familia iliwasikiliza, ikawashukuru, ikaendelea kuandika.

Leonida Nelima Wepukhulu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, katika hospitali ya misheni ya Plateau. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Khisa Wepukhulu na Mama Rispa Nanzala. Mzee Khisa alikuwa ametoka Bungoma kuja Eldoret kutafuta kazi, akapata ya ukarani katika ghala la mbao. Mama Rispa aliuza viazi sokoni. Waliishi Langas, nyumba ya vyumba viwili, na mama yake anasema mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kutazama. Alikuwa anakukazia macho mpaka unaanza kujiuliza umekosa nini.

Alisoma shule ya msingi hapo Langas kuanzia 1990 hadi 1997, kisha sekondari ya wasichana kule Turbo, akamaliza mwaka 2001. Hesabu haikumpenda, naye hakuibembeleza. Kiingereza alikiweza kiasi cha kuwaandikia wenzake barua za kuomba msamaha kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alipogundua kwamba barua zote zilitoka mkono mmoja, alimwadhibu kwanza, halafu akamfanya katibu wa chama cha mdahalo. Mwaka 2002 na 2003 alisomea uhazili katika chuo kimoja mjini Eldoret, akatoka na cheti chake.

Lakini elimu iliyokuja kumfaa zaidi aliipata sokoni, likizo ya Desemba mwaka 2000, akiwa na miaka kumi na sita. Viazi vya Mama Rispa vilikuja na lori kutoka huku huku Timboroa, katika magunia ya lumbesa, yale yaliyojazwa mpaka yakafungiwa kilemba juu. Gunia likiangushwa, viazi vinapondeka, na baada ya siku mbili vinaoza. Kwa hiyo kila mwenye kibanda alichagua mbebaji wake kwa makini. Wakati huo kulikuwa na kijana kutoka Webuye, anaitwa Mulongo, aliyezunguka soko wiki mbili bila kupewa hata gunia moja, kwa sababu alikuwa na mikono mifupi isiyoweza kulikumbatia. Wengine walimcheka waziwazi. Leonida alimtazama asubuhi nzima akihamisha mawe ya kujengea choo, kisha akamwendea mama yake.

"Mama, usitazame mikono," alimwambia. "Tazama vile anatua mguu. Huyo hawezi anguka."

Mama Rispa alimpa gunia moja la kujaribu. Mulongo alimbebea magunia miaka kumi na saba. Anakiri kuangusha moja tu, na mpaka leo anasema ni mvua ndiyo iliyohusika.

Sokoni hapo hapo ndipo alipokutana na mume wake. Mwaka 2004 Isaiah Mbuthia alikuwa akisindikiza viazi vya mama yake, ambaye leo sote tunamwita Cucu, yaani Bibi, Waiyego, kwenye lori kutoka hapa Timboroa. Siku ya kwanza kuonana, Leonida hakumsalimia. Alimwonyesha mbebaji mmoja wa kikosi chake, akamwambia huyo ataanguka kabla ya kufika kibandani. Mtu huyo alianguka hatua nne kabla ya kufika. Isaiah alirudi wiki iliyofuata kuuliza alijuaje, akarudi na nyingine, akaendelea kurudi hata msimu ambao viazi havikuwepo.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 1 Agosti 2009, kanisani Langas. Haikuwa imepita hata miaka miwili tangu zile siku za baada ya uchaguzi ambazo watu wa Eldoret hawapendi kuzitaja. Pande zote mbili kulikuwa na jamaa walioona huo haukuwa wakati wa Mbukusu kuolewa na Mkikuyu, nao hawakuja. Chakula kiliwatosha waliokuja, kikabaki. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Waiyego na Nanzala, waliopewa majina ya bibi zao, na Isaiah akafungua duka la vifaa vya ujenzi hapo Langas ambalo bado liko.

Sasa tunafika kwenye kazi, na hapa tunaomba mtulie.

Kuanzia 2004 hadi 2015 Leonida alikuwa karani katika ghala lile lile la mbao alilofanyia kazi baba yake, mpaka lilipofungwa. Mwaka 2016 alianza kazi za mtandaoni, kama wengi mjini kwetu. Mwanzoni aliandika mazungumzo ya watu kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa. Mwaka 2017 alipata kampuni moja ya Amerika inayochambua mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, na kuuza uchambuzi huo kwa timu za kulipwa. Kazi yake ilikuwa kutazama video za mechi za vyuo vikuu na kuandika nani alisimama wapi. Basi. Haikutakiwa awe na maoni.

Kwa wasioujua mchezo huo: kuna watu watano wakubwa wanaosimama mstari wa mbele kumkinga mwenzao anayerusha mpira. Hawashiki mpira, hawafungi, hawashangiliwi. Watatu wa katikati ndio wenye kazi ngumu zaidi, yaani yule anayeinama kuutoa mpira kati ya miguu yake, na walinzi wawili walio kushoto na kulia kwake. Kila Aprili timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, na kabla ya siku hiyo kila timu inataka kujua ni yupi atakayesimama na ni yupi atakayesukumwa. Leonida aliwatazama hao watatu miezi kadhaa, akaona kwamba walioandika maoni walikuwa wanatazama mabega. Akamwandikia msimamizi wake, Bwana Curtis, barua ya kurasa tatu kumweleza ni vijana gani wamesifiwa bure na kwa nini. Bwana Curtis alinyamaza wiki mbili. Wiki ya tatu alimwomba aandike ripoti yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Na alikuwa na namna yake. Alichukua katoni ya sabuni, akaikata tundu refu jembamba kama la kutilia barua, akaibandika mbele ya kompyuta. Kupitia tundu hilo mstari wa mbele ulionekana, lakini mpira haukuonekana ukienda wala ukirudi. Alisema jicho la binadamu ni mbea, litafuata mpira tu, na hao watatu hawahukumiwi na mpira. Alitazama mguu wa kwanza unakanyaga wapi. Alitazama kiuno kinashuka kabla ya kugongana au baada. Alitazama kama mtu akisukumwa anakaa, na akimaliza mpinzani wake, kama anachungulia jirani yake amelemewa. Aliandika kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari, ndipo akageuza kwa Kiingereza.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye yuko hapa na ametukubalia tuseme, alimtembelea mchana mmoja akamkuta amechungulia kwenye tundu. Akamwuliza anatazama nini. Leonida akajibu, bila kugeuka, kwamba anatazama viuno vya wanaume na atakuwa naye baada ya dakika kumi. Mzee alisubiri. Kisha akaonyeshwa, akatazama saa nzima, na kabla ya kuondoka alikuwa anabishana juu ya mlinzi wa kushoto.

Alikosea pia, na hakuficha. Mwaka 2021 alimsifu sana mlinzi mmoja, timu ikamchukua, na baada ya msimu mmoja ikamwacha. Leonida aliirudia video yake yote kutafuta kosa, akalipata. Tundu la katoni lilikuwa jembamba mno, likakata mikono. Kijana yule miguu yake ilikuwa safi, lakini mikono ilichelewa kila mara. Aliiandikia kampuni kwamba kosa ni lake, hakumtaja mwingine. Halafu akapanua tundu kwa upana wa vidole viwili na kuandika tarehe kando yake kwa kalamu. Katoni hiyo iko pale mezani, kando ya picha yake. Mkipita mtaona tarehe.

Kila mwaka kabla ya uteuzi kampuni hutoa kitabu cha mwongozo, na ukurasa wa kwanza una majina ya wachambuzi. Kuanzia 2020 ripoti za watatu wa katikati zilikuwa kazi ya Leonida tupu. Jina lake halikuwahi kuwekwa. Paliandikwa "dawati la Nairobi". Nairobi alikuwa amefika mara mbili maishani, zote kwa harusi. Jambo hili lilimuuma, na hatutajifanya halikumuuma. Aliwaandikia kila mwaka kwamba yeye ni mtu mmoja, ana jina, na anaishi Eldoret. Kila mwaka walimjibu kwa adabu, na kila mwaka dawati la Nairobi likarudi.

Mwezi Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji Septemba mwaka huo, hapo Eldoret, akaendelea na matibabu akiwa anafanya kazi. Madaktari na wauguzi walimtunza vizuri na familia inawashukuru. Novemba 2025 ugonjwa ulirudi. Mnamo Februari mwaka huu alilazwa Plateau, hospitali alikozaliwa, akaenda na kompyuta, daftari na katoni. Muuguzi aliyekataa katoni wodini kwa sababu ya usafi alishindwa siku ya pili.

Januari, kabla hajalazwa, Bwana Curtis alikuwa amemwahidi kwamba mwaka huu jina litawekwa. Leonida alimwambia kila mtu. Aliwaambia mpaka wateja wa dukani waliokuja kununua misumari.

Mwaka huu alikuwa na mtu wake. Alikuwa mtoa mpira wa chuo kidogo huko kaskazini mwa Amerika, mahali pa theluji, asiye na mtu wa kumtangaza. Jezi yake ni sitini na mbili. Vijana walipopimwa, mikono yake ilipatikana kuwa inchi thelathini na moja, mifupi kwa kazi hiyo, na wote waliokuwa wamemtaja kwa wema wakanyamaza siku hiyo hiyo. Leonida alikuwa ametazama mechi zake zote za miaka mitatu. Tarehe 20 Machi alimaliza ripoti akiwa kitandani, akamweka namba moja kati ya watatu wa katikati wote wa mwaka huu. Nyumbani hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Mulongo.

Baada ya siku tatu Bwana Curtis alipiga simu ya video. Isaiah alikuwa ameketi kando ya kitanda, na alisikia yote. Bwana huyo alisema kwa upole kwamba mikono hiyo haiuziki, kwamba timu zitaicheka kampuni, na kwamba anaomba kijana ashushwe hadi namba tisa. Akikubali, jina la Leonida litakuwa ukurasa wa kwanza kama alivyoahidiwa. Asipokubali, kampuni itamshusha yenyewe, na jina lake haitaliweka kwenye orodha asiyoikubali. Isaiah anasema alimtazama mke wake na kutamani akubali. Alitaka alione jina lake mara moja kabla ya kufa, na haoni aibu kulisema hilo leo.

Leonida aliomba maji kwanza. Alikunywa, akamjibu kwa Kiingereza chake cha Turbo, na Isaiah ametueleza maana yake kwa Kiswahili hivi: "Jina nilishapewa na mama yangu. Hiyo namba haishuki."

Kitabu kilitoka tarehe 2 Aprili. Kijana alikuwa namba tisa, na wachambuzi walikuwa dawati la Nairobi. Isaiah hakutaka kumwonyesha, lakini alikiitisha mwenyewe. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha makosa mawili ya herufi kwa kalamu, akaomba chai. Kisha akamwambia Isaiah kwamba wakiweka wanachotaka, ni sawa, ripoti yake ina tarehe, na yeyote atakayeiomba aonyeshwe. Alilia kidogo pia. Nanzala, kitinda mimba wake, alikuwa amelala kando yake na alimfuta machozi.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 7 Aprili 2026, saa nne asubuhi, mume wake na mama yake wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Jumamosi iliyopita kamati ya mazishi ilikutana Elgon View, nyumbani kwa Mzee Waweru, kaka mkubwa wa Isaiah na mwenyekiti wetu. Rasimu ya programu ilikuwa mezani, na penye kazi paliandikwa: mama wa nyumbani. Isaiah aliomba paondolewe. Mzee Waweru, ambaye amefanya mengi kwa ajili ya siku hii na hatutamsahau, alieleza kwamba watu wa huku hawataelewa mambo ya Amerika. Isaiah akasema yataelezwa. Mzee Waweru akasema basi aelezwe kama mfanyakazi wa kompyuta, lakini habari za namba moja ziachwe, kwa sababu uteuzi ni Alhamisi hii ijayo, tarehe 23, na kijana huyo asipochaguliwa na mtu yeyote, familia itakuwa imechapisha aibu kwenye karatasi ya mazishi. Afadhali kusubiri, alisema, na kuweka tangazo gazetini baadaye mambo yakienda vizuri.

Watu kadhaa waliitikia kwa kichwa. Ilionekana ni ushauri wa busara. Cucu Waiyego, mama yao, aliweka kikombe chini.

"Waweru, huyo msichana alikuwa anangoja mtu aanguke ndiyo aseme ataanguka?"

Isaiah akamalizia kwa sauti ya chini: "Yeye aliandika kabla. Na sisi tutachapisha kabla."

Kwa hiyo wapendwa, fungueni ukurasa wa mwisho wa programu. Pale ambapo kwa kawaida huwekwa picha za maua, tumeweka ripoti yake, kwa Kiswahili cha daftari lake. Mzee Waweru ndiye aliyeisimamia kwa mchapishaji, naye aliomba jambo moja tu, kwamba herufi ziwe kubwa ili wazee wasome. Linah atasoma sehemu ndogo.

"Sitini na mbili. Mikono mifupi, kweli, sibishani na futi. Lakini mguu wake wa kwanza unatua kabla mwenzake hajaamua. Anashuka mapema. Akisukumwa anakaa. Katika mechi thelathini na tatu nimemwona akirudi nyuma zaidi ya hatua mbili mara nne tu, na mara mbili kati ya hizo alikuwa ameumia. Akimaliza wake anageuka kumsaidia mlinzi wa kulia, ambaye ni dhaifu, na hivyo kumfanya aonekane mzuri. Mnamsifu yule wa kulia kwa kazi ya huyu. Namba moja. Nimetazama na nina uhakika."

Chini yake limeandikwa jina: Leonida Nelima Wepukhulu, Eldoret.

Tumechapisha nakala mia sita. Moja itatumwa kwa Bwana Curtis, na nyingine kwa kijana mwenyewe, ili ajue kwamba kuna mtu alimwona. Alhamisi ikifika, kijana aitwe au asiitwe, karatasi hizi zitabaki kama zilivyo. Sisi hatungojei mtu atuambie kama dada yetu alijua kazi yake.

Marehemu ameacha mume wake, Isaiah Mbuthia. Mabinti zake, Waiyego na Nanzala. Mama yake, Mama Rispa Nanzala. Mama mkwe wake, Cucu Waiyego. Mdogo wake, Linah. Shemeji zake, Mzee Waweru na mkewe Muthoni. Pamoja na wapwa, majirani wa Langas, wanawake wa sokoni, na mzee mmoja wa kanisa ambaye bado hajakubaliana naye kuhusu yule mlinzi wa kushoto.

Jeneza litabebwa na watu sita. Mbele upande wa kushoto, penye mteremko kuelekea kaburini, atasimama Mzee Mulongo wa Webuye. Kuna aliyeuliza wiki hii kama hakuna mtu mrefu zaidi wa kusimama hapo, kwa sababu udongo umelowa na mikono ya mzee huyu haifiki mbali. Aliyeuliza hakuwa amemjua Leonida.

Watakapoinua, msitazame maua wala kamera. Tazameni miguu ya Mulongo.

Pumzika kwa amani, Nelima. Hiyo namba haijashuka.